Shiro ya Bwana Mdogo

Siku tuliyomzika mama kule Kwashemshi, wanawake waliokuwa wanapika nyuma ya nyumba waliniita. Mmoja alichota mchuzi wa maharage kwa mwiko akaninyooshea. "Mwenye msiba, lete kiganja utuonjee chumvi." Nikarudisha mikono nyuma kama mtu aliyeonyeshwa kaa la moto.

"Mimi sionji," nikamwambia.

"Huonji? Unapikaje sasa?"

"Nanusa."

Wakatazamana. Nilipogeuka nikamsikia mmoja anasema, "Mjini kumemharibu huyu." Looo! Msiba ungekuwa si wangu, ningerudi nimjibu. Mjini kuniharibu! Kupika kwa pua nilifundishwa na huyohuyo tuliyemfukia asubuhi, naye alifundishwa na mama wa Kihindi pale Korogwe. Jinsi tulivyoachana na mama huyo sijawahi kumsimulia mtu, maana mama hakutaka. Sasa mama hayupo.

Tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Baba alikwenda Mnyuzi kutafuta shamba, akapata shamba na mke juu yake, hakurudi. Mama akanifunga mgongoni akaenda kugonga mlango wa uani wa duka moja la vitambaa pale mjini, akaulizia kazi. Aliyefungua alikuwa Ba. Kwa Kigujarati Ba ni mama, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hadi wabeba mizigo wa stesheni. Alikuwa mjane, mwembamba, amevaa sari nyeupe kila siku ya Mungu. Alikuwa na mwanawe mmoja aliyekaa dukani na kuingia ndani wakati wa kula tu. Mimi nilikulia kwenye ua ule. Nikitaka kulala usingizi wangu wa kitoto hata leo, nafumba macho natafuta harufu yake: samli, iliki, ubani wa vijiti na sabuni ya kufulia.

Katikati ya ua palikuwa na kinguzo cha saruji, na juu yake kichaka kinachofanana na kivumbasi chetu, wao wanakiita tulsi. Kila asubuhi Ba alikimwagia maji kwa kopo la shaba na kukizunguka akinong'ona. Sikukuu ya Diwali ilipokaribia alipiga magoti mlangoni akachora maua chini kwa unga wa rangi, akiumwaga katikati ya vidole viwili, mstari usiotetereka hata kidogo. Jioni vilipangwa vibatari vya udongo kwenye kila dirisha. Nilidhani maua yale yanatandikwa kama mkeka ili mgeni afute miguu, na mwaka mmoja nilifuta kweli. Mama alinifinya sikio mpaka nikaona nyota, lakini Ba alicheka tu, akachora upya.

Mama alikuwa na kikombe chake cha stili pale, kilichokaa peke yake kwenye dirisha la jikoni. Hakuna mwingine aliyekitumia. Nilijivunia kikombe kile kwa wenzangu. Mama zao walikuwa na vikombe vyao kwa matajiri? Ilinichukua miaka kujua kwa nini kilikaa peke yake.

Lakini kilichonivuta zaidi mle ndani kilikuwa kabati. Kabati la mbao la kuchongwa, lenye pazia la hariri, na ndani yake mungu wao: mtoto mdogo wa shaba anayetambaa, mkubwa kiasi cha ngumi yangu. Ba alimwita Thakorji. Mimi nilimwita Bwana Mdogo, kwa sababu hakuna aliyehudumiwa kama yeye katika nyumba ile. Asubuhi aliamshwa kwa kengele. Akaogeshwa kwa maziwa na maji, akapanguswa, akavalishwa kijoho na kofia. Alikuwa na kibembea chake na mto wake. Mwezi wa kumi na mbili, joto la Korogwe likiwa la kukaushia mihogo, Ba alimvika sweta, maana huko kwao India wakati huo ni baridi. Mimi nilimhurumia. "Ba, atatoka vipele," nilimwambia, naye akajibu kwa upole kabisa, "Sweta jepesi, beti."

Beti ni mwanangu wa kike. Ba aliniita hivyo, na hili nalisema ili asije mtu akadhani nasimulia habari za mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Angekuwa mbaya nisingekuwa na cha kusimulia.

Bwana Mdogo alipewa chakula kabla ya mtu yeyote nyumbani. Ba alimpikia mwenyewe, akamwekea kwenye kisahani cha fedha, akavuta pazia apate kula bila kukodolewa macho. Akakaa kidogo chini, akagonga kengele, akafungua. "Ameshakula," alisema, kisha kile chakula kikagawiwa watu. Mimi nilichungulia kisahani kila mara. Kilikuwa vilevile! Hata punje moja haikupungua. Nikakata shauri kwamba anasusa. Mimi mwenyewe nilikuwa fundi wa kususa, nilijua dalili zake. Ila sikuthubutu kumwambia Ba, maana alionekana kuamini kweli kwamba mtoto amekula, na kumkatisha mtu mzima tamaa si adabu.

Na sababu ya kususa niliijua. Ba haonji! Kwetu mpishi anachota mchuzi, anadondosha kiganjani, analamba, anasema "bado." Asiyeonja anapika pumba. Lakini Ba alikuwa na sheria yake, akamfundisha na mama. Mama alianza pale kwa kufagia na kusugua vyombo. Kidogokidogo akapewa kukata mboga, halafu kusukuma chapati, halafu dengu na mboga za nyumbani. Ba alikaa kwenye kistuli chake karibu na mlango, macho yake kwenye mikono ya mama. "Usionje," alisema. "Ukionja umekula wewe kwanza. Nusa. Samli yenyewe itakuambia." Na mama akajua. Alikuwa anafunua kifuniko, anafumba macho, anavuta pumzi moja, anasema, "Chumvi haijafika." Miaka minane, na sijamwona hata siku moja akipeleka kijiko mdomoni. Lakini chakula cha Bwana Mdogo hakupika. Hicho kilipikwa na Ba tu, maana kwa desturi yao mkono wa mtu wa nje hukinajisi.

Mwaka ule mikono ya Ba ilianza kutetemeka. Kwanza kidogo, kwenye unga wa rangi. Yale maua ya mlangoni yalitoka yamepinda, akayafuta mwenyewe kwa mguu. Siku inayofuata Diwali ni mwaka wao mpya, na siku hiyo Bwana Mdogo huandaliwa vyakula vingi mpaka mbele yake pawe na kilima. Vya kukaanga na vikavu Ba alikuwa ameshaviandaa siku mbili kabla. Kilichobaki ni shiro, ambayo ni lazima ipikwe asubuhi hiyohiyo: ngano iliyosagwa chengachenga, inakaangwa kwa samli bila kuacha kukoroga hata kidogo, kisha maziwa, sukari, iliki na zafarani. Ukisita mara moja tu imeungua. Na yeye mwiko ulimcheza mkononi kama kifaranga.

Nilikuwa mlangoni nilipomsikia anamwambia mama, "Oga hapa. Vaa khanga mpya. Kausha nywele. Wewe utakuwa mikono yangu."

Mama alisimama pale na fagio. "Ba, wifi yako akijua?"

"Hatajua."

Wifi huyo waliyemwita Foi alikuwa amekuja kutoka Tanga tangu juzi yake. Dada wa marehemu mume wa Ba, mwanamke mnene mwenye Kiswahili laini kuliko chetu, na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho katika ukoo wao mzima. Asubuhi hiyo alikwenda kuwapa majirani mkono wa mwaka mpya. Ba alikuwa amehesabu kwamba atakunywa chai kila nyumba, kama kawaida yao.

Mama aliniketisha barazani. "Pendo, ya jikoni ni ya jikoni. Umenisikia?" Nikaitikia. Alikuwa ananukia sabuni mpya, na usoni alikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake, hata kanisani siku ya Krismasi. Mama alikuwa na fahari. Mikono yake ndiyo iliyochaguliwa.

Akapika. Harufu ya ile ngano ikibadilika rangi ndani ya samli, nisiwadanganye, hakuna harufu nyingine ya kuifuata. Ilitoka mpaka barazani ikanikalia kifuani. Alipomaliza aliisawazisha kwa mgongo wa kijiko, akapanga lozi juu yake, akaifunika. Ba alikuwa chumba cha pili anamvika Bwana Mdogo joho la sikukuu. Mama akatoka na sufuria la maziwa kwenda kulisugua bombani, nyuma ya ua.

Hapo ndipo akili yangu iliponituma. Nikawaza: leo ni chakula cha mama. Akisusa leo, atakuwa amesusa cha mama. Na hajaonja mtu! Nani anajua kama sukari inatosha? Nikaingia, nikafunua, nikachovya kidole pembeni. Sukari ilitosha. Nikachovya tena kuhakikisha, na mara ya tatu sikuwa nahakikisha chochote. Mwonja asali haonji mara moja.

Nilikuwa nafunika nilipoona kivuli mlangoni. Foi alikuwa amerudi. Nyumba ya kwanza hawakuwepo, nyumba ya pili walikuwa na mgonjwa. Alinipita bila kunitazama, akafunua kifuniko, akainama. Alama za vidole vyangu zilikuwa pale.

"Nani ameonja hii?" akauliza.

Sasa nielezeni, mtoto wa miaka minane atasema nini? Kwetu udokozi ni wizi. Mdokozi anachomwa vidole, anaimbwa mtaa mzima. Na mpishi kuonja si kosa, ni kazi yake. Nikatafuta jibu lisilo na kosa ndani yake, nikalipata, nikalitoa kwa sauti ya kujivunia kabisa: "Mama kaonja. Amesema sukari inatosha."

"Mama yako? Mama yako ndiye aliyepika?"

"Ndiyo," nikasema. Mdomo uliponza kichwa, ila kichwa hakikuwa changu.

Foi akapaza sauti kwa Kigujarati. Ba akatokea mlangoni, kofia ya Bwana Mdogo ingali mkononi. Mama naye akaja mbio kutoka bombani, mikono inachuruzika maji, akasimama nje ya kizingiti. Foi alianza kwa lugha yao, halafu akageukia Kiswahili, nadhani ili mama asikie vizuri.

"Wifi, wewe ndiye uliyemwingiza huyu kwenye jiko la Thakorji? Leo, siku ya mwaka?"

Ba alimtazama mama. Hapo palikuwa na nafasi, na nafasi hiyo nimeirudia kichwani maisha yangu yote. Ningeweza kuhesabu pumzi zake.

"Sikumwingiza," Ba akasema. "Mimi nilikuwa nasali."

"Basi ameingia mwenyewe, akapika mwenyewe, na akaonja."

Ba hakujibu. Mama ndiye aliyejibu, lakini kwanza alinitazama mimi. Alinitazama usoni, halafu kidevuni, akakaa hapo kidogo. Mimi nilidhani amenikasirikia kwa kusema ya jikoni. Kisha akapiga goti pale nje kwenye saruji yenye maji.

"Nisameheni," akasema. "Ni mimi. Nimeonja."

Nilijua ni uongo. Nilikuwa pale, nilijua kila kitu: nani aliyempa ruhusa, nani aliyechovya kidole. Mdomo ulionifungukia upesi hivyo kwa uongo ulikataa kabisa kufunguka kwa kweli. Nilisimama nimeshika gauni langu. Nilijikojolea kidogo.

Foi hakupiga kelele. Aliimimina shiro yote kwenye sufuria la mama la kubebea chakula cha nyumbani, mpaka lozi ya mwisho, akalisukuma kwa mguu mpaka kizingitini. "Chukua, ule na mwanao. Usirudi." Tulipokuwa tunatoka, msichana wa jirani alikuwa ameshaitwa kumwaga maji jikoni, kulitakasa. Nikageuka nyuma nikamwona Ba mbele ya kabati, ametupa mgongo, anavuta pazia, na ndani hamkuwa na chakula chochote.

Jioni ile watoto wote wa upande wetu walikula shiro ya Bwana Mdogo, kwa viganja, kwenye majani ya mgomba. Walilamba hadi sufuria. Walisema mama yako fundi, Pendo. Mama alikaa mlangoni hakugusa, na mimi nilikula, ndiyo, nilikula nikashiba. Sijawahi kula tena kitu kitamu namna ile, wala sitaki.

Korogwe hapakukalika. Habari hukimbia kuliko treni, na ilipofika sokoni ilikuwa imeota pembe: mara mama ameiba, mara amemtia mungu wa watu mate. Hakuna nyumba ya Kihindi iliyomchukua, na za Waswahili zilisema, "Ba mpole vile kakushindwa, sembuse sisi?" Tukahamia Mkata, kwa mjomba, upande wa Handeni. Mama akauza mahindi na mihogo ya kuchemsha kwenye madirisha ya mabasi. Mikono iliyojua zafarani inaiva lini ikawa inakimbilia basi na beseni kichwani, konda anamfokea, "Mama we, toka hapo!" Bado hakuonja. Alifunua sufuria la mihogo, akafumba macho, akanusa. Mimi nikimwona hivyo naingia ndani, nafanya nina kazi.

Na nikajikuta nami sionji. Sikuamua. Kijiko kikifika mdomoni mkono unarudi wenyewe.

Nilikua, nikasoma, nikaolewa, nikazaa, na bado sikumwambia. Mara ngapi nilisema leo, leo, nikampa hadithi nyingine? Ba alifariki, tukasikia wamemchoma kwa kuni kama desturi yao, na mwanawe akafunga duka akaenda zake. Mama aliposikia alisema tu, "Apumzike," akaendelea kumenya mihogo.

Mwaka huu alipougua alitaka arudishwe Kwashemshi kwao, nikaenda kumuuguza. Asubuhi moja nilikuwa nimempikia uji wa ulezi, nimekaa na bakuli pembeni ya kitanda nasubiri upoe. Pale, bila kupanga, likanitoka.

"Mama. Ile shiro, aliyeonja ni mimi."

"Najua," akasema. "Ulikuwa na zafarani kidevuni."

Machozi yakaja. "Sasa mbona ulikubali?"

"Nifanyeje? Nikutoe wewe nibaki mimi? Ulikuwa mtoto. Wewe hukuniuma." Akapumzika kidogo, kifua kikipiga kelele. "Yule aliniuma. Miaka minane kakaa kwenye kile kistuli ananiangalia mikono. Duniani hapa hakuna aliyejua kuliko yeye kwamba mimi sionji. Wangesema nimeiba, angeweza kuwa na shaka. Lakini kuonja! Alijua si kweli, akanyamaza."

"Alimwogopa wifi yake."

"Na mimi sikuogopa?"

Nikamfuta jasho. Nilijiona nimetua mzigo wa miaka, nisiseme uongo. Lile neno 'hukuniuma' nilikuwa nimelisubiri tangu nikiwa na miaka minane. Nikamwambia ahsante mama. Akanigeuzia macho, na yalikuwa makavu.

"Siku ile hukuniuma," akasema. "Lakini ulikua, Pendo. Ukawa mtu mzima, una watoto. Ukaja Mkata kila Krismasi ukaniona nakimbiza mabasi, na unajua, na umenyamaza. Hapo ukawa yeye."

Nilichukua bakuli nikamnywesha kijiko cha kwanza, kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Akameza. Nikampa cha pili, akakishikilia mdomoni, kisha akausukuma mkono wangu.

"Hauna sukari," akasema, akageukia ukutani. "Ungeonja."